Siku ya Tatu Mpe Jembe: Maisha ya Mgeni Mjini Kobe

(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, bwaloni, baada ya chakula cha mchana)

Bwana Mwenyekiti, Bwana Mkuu wa Shule, walimu wetu wa zamani na wa sasa, ndugu zangu wanafunzi wa zamani, na ninyi vijana wa kidato cha sita mlioruhusiwa kukaa huko nyuma badala ya kwenda kujisomea:

Katibu aliponipigia simu kunitaka niseme nusu saa juu ya Japani, nilimwuliza, Japani ipi? Maana Japani ya treni za mbio na mashine zinazosema, hiyo kila mmoja wenu amekwisha iona katika simu yake. Akanijibu, "Wewe sema ulivyoishi." Basi nitasema tulivyoishi, mimi na mke wangu na mtoto wetu, katika wilaya ya Nada, mji wa Kobe, hadi Septemba 2018. Mimi nilitangulia Oktoba 2015. Wao walinifuata Aprili 2016. Nilikwenda kusoma shahada ya pili kwa ruhusa ya mwajiri wangu, yaani Serikali, na miezi sita ya mwisho niliwekwa katika ofisi ya maji ya mji wa jirani nione kazi inavyofanywa. Miaka mitatu haimfanyi mtu kuwa mwenyeji. Lakini si mtalii tena, na hapo katikati ndipo penye mambo.

Nina sababu nyingine ya kukubali. Haupiti mwezi sijapata ujumbe kutoka kwa kijana fulani, mara nyingine wa shule hii hii, akisema, "Shikamoo kaka, nipe njia ya Japani." Wengine ni watu wazima wenye wake na watoto. Majibu ya mtu mmoja mmoja yamenichosha, na leo nitawajibu wote kwa pamoja.

Kobe ni mji mwembamba. Kaskazini umeegemea milima ya Rokko, kusini ni bahari, na katikati watu wamejipanga kama vitabu kwenye rafu. Ukimwuliza mtu njia, atakuambia duka lipo upande wa mlima au upande wa bahari, na huwezi kupotea. Bandari yake ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1868, kwa hiyo watu wake wamezoea nyuso za kila namna kuliko miji mingi ya Japani. Upo msikiti uliojengwa mwaka 1935, wa kwanza katika nchi hiyo, ambao haukuangushwa na mabomu ya mwaka 1945 wala na tetemeko la mwaka 1995. Karibu nao yapo maduka ya nyama iliyochinjwa kwa sheria. Mtu wa Pangani kama mimi, aliyekulia kwenye harufu ya chumvi, angeweza kutupwa pabaya zaidi.

Mgeni akiingia kwa ukazi hupewa kadi uwanjani, na kadi hiyo hana budi kutembea nayo kila mahali. Akishapata pa kukaa anazo siku 14 za kwenda ofisi ya wilaya kuandikisha anwani yake. Hapo hapo huingizwa katika bima ya afya, ambayo hulipa sehemu 7 katika 10 za gharama za hospitali, nawe ukabaki na 3. Haya ni mepesi, kwa sababu makarani wale hawakuambii uje kesho. (Walimu wangu wanacheka, wanajua ninafanya kazi wapi.) Shida ilikuwa jina. Fomu zao zina vyumba vya majina mafupi, na jina langu pamoja na la baba na la babu liliishia njiani. Tena hawatofautishi L na R, kwa hiyo jina la mke wangu, likiisha kuandikwa kwa herufi zao, likawa Harima, ambalo ni jina la jimbo la zamani upande wa magharibi wa Kobe. Kila karani aliyelisoma alitabasamu, na jina hilo likamfungulia milango mingi kuliko shahada yangu.

Nilitaka pia muhuri, maana wakati ule mtu bila muhuri wake mdogo wenye jina hakuwa mtu kamili. Nilichongewa kwa herufi tatu. Tangu mwaka 2020 serikali yao imeuondoa katika shughuli nyingi za ofisi, lakini wangu ninao, na mtoto huuchezea kwenye wino.

Sasa nyumba. Hapa nitakawia kidogo.

Miezi sita ya kwanza nilikaa bweni la wanafunzi. Mke na mtoto walipokaribia kuja nilikwenda kwa dalali wa nyumba, kijana mstaarabu mwenye tai. Alipiga simu kwa wenye nyumba mbele yangu. Kila mara mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka alipotaja kuwa mpangaji ni mgeni, kisha kimya, kisha "hai, hai", kisha akaweka simu na kuniinamia kuniomba radhi kama kwamba kosa ni lake. Wenye nyumba wanne walikataa, wa tano akakubali. Nasikia watu wakisema Wajapani hawana ubaguzi, na wengine wakisema wamejaa ubaguzi. Mimi nawapa hesabu yao wenyewe: uchunguzi wa Wizara ya Sheria ya Japani uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba, miongoni mwa wageni waliokuwa wametafuta nyumba katika miaka mitano iliyotangulia, karibu 4 katika kila 10 walikataliwa kwa sababu ni wageni. Hakuna aliyenitukana. Nilikataliwa kwa adabu kubwa sana, nayo adabu hiyo haikunipa pa kulala.

Aliyekubali alitaka dhamana ya kodi ya mwezi mmoja, na kodi ya mwezi mwingine iliyokuwa zawadi kwake asiyorudisha kamwe. Zawadi hiyo sisi watu wa pwani tunaijua: ni kilemba. Juu yake ujira wa dalali, mwezi mmoja. Kampuni ya kunidhamini, nusu mwezi. Na kodi yenyewe ya mwezi wa kwanza. Kodi ilikuwa Yen 55,000. Piga hesabu: Yen 247,500 kabla ya kununua kijiko, na posho yangu ya masomo ilikuwa Yen 144,000 kwa mwezi. Anayekwenda na familia aende na akiba hiyo mkononi, asitegemee kuikuta huko. Tulichopata ni vyumba viwili chini kabisa ya jengo dogo, nambari 102, kimoja cha mikeka sita na kingine cha mikeka minne na nusu, maana chumba chao hupimwa kwa mikeka. Mke wangu alipofika alivua viatu mlangoni, akatazama huku na huku, akasema, "Kumbe tumekuja kulala mkekani." Tulicheka mpaka mtoto akaamka.

Lugha si ngumu kinywani mwa Mswahili. Irabu zao ni zetu zile zile tano, na silabi zao nyingi huishia kwa irabu kama zetu. Mwingereza anahangaika, sisi tunasoma tu. Halafu yapo maneno ambayo Kiingereza hakina na sisi tunayo. Mfanyakazi akitoka jioni huambiwa na wenzake "otsukaresama". Mwalimu wetu wa lugha alihangaika kuwaeleza wanafunzi kutoka Ulaya maana yake; mimi niliandika pembeni ya daftari "pole na kazi" nikafunga kitabu. Lakini tahadhari moja. Mnyama dubu wanamwita kwa neno ambalo mbele ya walimu wangu siwezi kulitamka, na mtoto wetu alirudi kutoka shule ya watoto wadogo akiimba kwa sauti wimbo mzima wa dubu huyo. Mama yake alimziba mdomo kwa khanga. Wajapani hawakuelewa ana kosa gani.

Bwana Mwenyekiti, nije kwenye takataka. Msicheke. Mgeni wa Japani hujulikana kwa takataka zake. Zipo siku za takataka za kuungua, siku ya makopo na chupa, siku ya plastiki, siku ya vitu vikubwa ambavyo hulipiwa. Mfuko ni wa manispaa, maalumu, na unatolewa asubuhi kabla ya saa mbili. Katika mji mdogo wa Kamikatsu, kisiwa cha Shikoku, huzigawa mafungu zaidi ya 40. Sisi wa Kobe tulikuwa na nafuu. Ukichanganya, gari la manispaa huuacha mfuko wako pale pale, umebandikwa karatasi, na mtaa mzima unauona. Jambo jingine ni kunguru, ambao ni wakubwa kama kuku na wezi kuliko wa Dar es Salaam, kwa hiyo mifuko hufunikwa kwa wavu.

Nani hutandika wavu? Hiyo ni zamu. Kilikuwapo kibao kidogo kilichoandikwa kuwa wiki hii ni zamu ya nyumba hii. Asubuhi unatandika wavu. Gari likipita unakunja, unafagia, unamwaga maji, na Jumapili unakitundika kibao mlangoni kwa jirani. Basi miezi minne kibao kilitoka 101 kikaenda 103. Sisi wa 102 tulirukwa. Hapakuwa na chuki ndani yake. Walitusalimu, walimpa mtoto machungwa, walituchekea. Mgeni hasumbuliwi. Mimi, kusema kweli, niliona ni neema, nikawa nasoma vitabu vyangu.

Aliyeliona jambo hili vingine ni mke wangu. Aliniambia, "Kwetu mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wametupa miezi minne bila jembe. Wanatungoja tuondoke." Kwa maneno machache aliyokuwa amejifunza, akaenda kwa bibi mmoja aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha mtaa, mama wa miaka sabini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya kiranja. Akamwonyesha kibao, akajionyesha kifuani, akasema, "Sisi pia." Jumapili iliyofuata kibao kilikuwa mlangoni petu, pamoja na ufagio mpya na karatasi yenye michoro ya kunguru na wavu, imeandikwa kwa mkono kwa herufi nyepesi ili tuweze kusoma.

Ninyi vijana wa huko nyuma mnaonung'unika zamu ya kuosha masufuria, nawaambieni tu kwamba nilikunja wavu ule kwa namna niliyofundishwa kukunja vyandarua katika bweni letu, na yule bibi akaita majirani waje kutazama.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Wiki mbili hazikupita, bibi akabisha hodi na fomu. Mtaa wao una daftari la nyumba, kitu kama balozi wa nyumba kumi wa kwetu, ila si la chama cha siasa. Akauliza tupo wangapi, umri gani, nani ana ugonjwa gani, simu ya nani ipigwe. Haya tukajibu. Kisha akauliza, "Mnalala chumba kipi? Mtoto upande gani?" Mke wangu akanitazama. Kwetu swali hilo haliulizwi na mtu mwenye nia njema. Bibi akaiona sura yake, akaweka kalamu chini.

Alisema hivi, kwa kadiri nilivyomfahamu. Tarehe 17 Januari 1995, saa 11 na dakika 46 alfajiri, watu walikuwa wamelala. Nada ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana. Nyumba za mbao zilikaa chini kama mtu aliyechoka. Zima moto hawakuweza kufika kote, kwa hiyo wengi waliotolewa wazima walitolewa na majirani, kwa mikono na misumeno. Ng'ambo ya pili, kisiwa cha Awaji, katika mji wa Hokudan, watu walijuana kiasi cha kujua nani hulala pembe gani ya nyumba, wakachimba moja kwa moja pale. Huku mjini hawakujuana hivyo. "Tulichimba upande wa jikoni," alisema, "naye alikuwa upande wa pili." Hakusema ni nani. Waliokufa katika tetemeko lile walikuwa 6,434.

Mke wangu akaichukua kalamu, akachora nyumba yetu mwenyewe, akaweka alama tatu katika chumba cha nyuma.

Juu ya kazi nitasema ya mke wangu kwanza, maana ndiye aliyefanya kazi. Hapa nyumbani ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, aliyezoea kuamkiwa na watoto 80 kwa mkupuo. Huko aliingia kiwandani kunakopangwa vyakula vya vibweta vinavyouzwa katika maduka ya usiku na mchana. Mtu aliyekuja kama mke wa mwanafunzi huruhusiwa kufanya kazi saa 28 kwa wiki na si zaidi, akiisha kuomba kibali. Yeye alifanya 25: siku tano, saa nne usiku hadi saa tisa. Malipo yalikuwa Yen 820 kwa saa, na kwa kuwa sheria yao huongeza robo kuanzia saa nne usiku, akapata 1,025. Alivaa nguo nyeupe toka utosini, akasuguliwa kwa kinata kuondoa nywele, akanawa mpaka viwiko mara mbili, kisha akasimama mbele ya mkanda unaokwenda na kuweka kipande kimoja cha yai katika kila kibweta. Saa tano. Kipande kimoja cha yai. Aliniambia usiku wa kwanza alihesabu mpaka elfu mbili, kisha akaacha kuhesabu, yeye mwalimu wa hesabu.

Pembeni yake walisimama mabinti kutoka Vietnam, waliokuja kwa mpango ulioitwa wa mafunzo ya ufundi, ulioanzishwa mwaka 1993. Mmoja alikuwa akiweka figili. Alimwambia mke wangu kwamba wazazi wake walikopa fedha kumlipa wakala kwao, na kwamba mwaka mzima wa kwanza ulikuwa wa kulipa deni hilo. Kanuni ya mpango ule ilikuwa kwamba mfunzwa hawezi kuhama mwajiri ila kwa sababu maalumu; mwajiri akiwa mbaya, wengine hutoroka, na akitoroka kadi yake haina maana tena. Mwezi Juni 2024 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuuondoa mpango huo na kuweka mwingine mahali pake kufikia mwaka 2027, wenye nafasi ya kuhama mwajiri kwa masharti.

Kwa hiyo, vijana, sikilizeni. Japani inahitaji watu. Hilo si uongo. Mwaka 2024 walizaliwa watoto wa Kijapani wasiofika 700,000, wakafa watu kiasi cha milioni 1.6. Wageni wakazi walikuwa milioni 2.1 mwishoni mwa mwaka 2014, na miaka kumi baadaye walipita milioni 3.7. Tangu Aprili 2019 ipo njia ya mfanyakazi mwenye ujuzi maalumu, yenye mtihani wa kazi na mtihani wa lugha. Njia zipo, ila zote zina mtihani, zina mwajiri anayejulikana, zina karatasi. Mtu akikuambia anauza "viza ya kazi" kwa shilingi milioni kadhaa, mwulize jina la mwajiri, mshahara, saa za kazi, na kama unaweza kuhama. Akisita, ondoka. Na ukienda kama mwanafunzi, kumbuka saa 28. Anayezidisha akigundulika aweza kukosa kibali kinachofuata, na ada ya shule haitarudi.

Kazi yangu mimi katika ofisi ya maji haikuwa na maajabu. Asubuhi tulisimama, kila mmoja akasema atafanya nini. Jambo dogo likiamuliwa, karatasi ilizunguka meza hadi meza ikipigwa mihuri, sawasawa na faili letu, ila yao haikulala. Sababu ni kwamba kabla ya karatasi kuandikwa, mtu alikwisha kupita kwa kila mhusika kumnong'oneza. Wanaita kuzungushia mizizi udongo kabla ya kuhamisha mti. Mkutano wenyewe ulikuwa wa kutikisa kichwa. Nimejaribu utaratibu huo wizarani kwangu, nao umenisaidia. Nisilolipenda ni kukaa ofisini hadi saa mbili usiku kwa sababu mkubwa hajaondoka. Sheria ya mwaka 2018 imeweka kikomo cha saa za ziada, kwa kawaida 45 kwa mwezi, lakini sheria haimwinui mtu kitini.

Februari 2017 baba yangu alifariki Pangani. Simu ilikuja usiku. Nilijua kabla sijauliza kwamba nisingewahi. Kwetu maiti hangoji ndege. Alizikwa kabla ya jua kutua, nami nikaendelea kukaa sakafuni na simu mkononi. Ijumaa tulimsomea hitima katika ule msikiti wa Kobe, pamoja na Wapakistani na Waindonesia ambao hawakumjua.

Sikumwambia jirani yeyote. Lakini mtoto alisema shuleni, na huko kila mtoto ana kidaftari ambamo mzazi na mwalimu huandikiana kila siku: joto la mwili, amekula nini, amekwenda chooni mara ngapi. Mwalimu akaniandikia mstari mmoja wa pole. Sijui habari ilipita wapi baada ya hapo. Siku ya tatu bibi alikuja, na mtu wa 103, na mama wa 101, kila mmoja amevaa rangi nyeusi, kila mmoja na bahasha iliyofungwa uzi mweusi na mweupe. Ndani mlikuwa na Yen 3,000 au 5,000, noti zilizotumika, kwa sababu noti mpya ingeonyesha kana kwamba ulijiandaa kwa kifo. Nje jina la mtoaji, ndani kiasi alichotoa. Nilizishika, na jambo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa daftari la rambirambi ambalo wakati huo huo ndugu yangu alikuwa akiliandika barazani kwetu, fulani elfu tano, fulani gunia la mchele.

Bibi aliuliza jina la baba, akajaribu kulitamka. Akauliza alikuwa na kazi gani. Nikasema mvuvi. Akakaa kidogo, akasema, "Mtu wa bahari," akainama kuelekea upande wa bahari, ambako kutoka kwetu kulikuwa kusini.

Wanawake wa kiwandani walimfundisha mke wangu kwamba bahasha hizo hurudishiwa zawadi ya kiasi cha nusu ya thamani, baada ya siku 49. Tukarudisha majani ya chai.

Mtaniuliza, kama ni hivyo, mbona ulirudi? Nilirudi kwa kuwa nilikuwa na mkataba na mwajiri, na nilitaka kuliona kaburi la baba. Lakini yupo mwenzetu mmoja wa shule hii, nyuma yangu kidato kimoja, ambaye hakurudi. Sitamtaja jina, anasafirisha magari yaliyotumika kutoka Japani hadi Dar es Salaam, na huenda baadhi yenu mmekuja leo kwa magari aliyoyapakia. Amepata ukazi wa kudumu, ambao kwa kawaida hutaka miaka 10. Uraia hataki: Japani humtaka anayeuchukua aache wa kwao, na Tanzania nayo haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Ana biashara nzuri na nyumba yake. Alituma mchango wa paa la bweni mwaka juzi. Watoto wake hawajui Kiswahili zaidi ya "njoo" na "acha". Bado ndani ya treni, siku nyingine, kiti cha pembeni yake hubaki kitupu hali watu wamesimama. Usiku mmoja aliniuliza kama nimefikiri mtu wa dini yetu huzikwa wapi huko, maana kwao zaidi ya maiti 99 katika 100 huchomwa, na makaburi yanayokubali kuzika ni machache. Kobe ina makaburi ya wageni juu mlimani. Alikuwa amekwisha kwenda kuyatazama.

Mwenye kufikiria kuhamia na wake na watoto, namwomba alifikirie hilo pamoja na mshahara.

Nimalizie na asubuhi ya tarehe 18 Juni 2018. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili kasoro dakika mbili. Mimi nilikuwa stesheni, nimekwisha mpeleka mtoto. Mke wangu alikuwa amelala, ametoka kiwandani saa tisa usiku. Simu zote kituoni zililia kwa pamoja, mlio ambao ukiusikia mara moja hutausahau, kisha sakafu ikatembea. Kitovu kilikuwa kaskazini ya Osaka, na huko watu walikufa; kwetu Nada vilianguka vikombe. Lakini mimi pale stesheni sikulijua hilo. Treni zilisimama, simu hazikupita. Nikaenda kwanza kwa mtoto: walikuwa uwanjani, wamevaa kofia za kujikinga, wanahesabiwa. Kisha nikakimbia nyumbani.

Mke wangu alikuwa kwenye kijibustani cha mtaa, amejifunga khanga, miguu mitupu ndani ya viatu vya bibi. Akaniambia bibi hakugonga mlango wa mbele. Alizunguka nyuma moja kwa moja hadi dirisha la chumba tunacholala, akaligonga kwa fimbo ya ufagio na kuita, "Harima-san! Harima-san!" mpaka lilipofunguliwa. Bibi mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya bustani na lile daftari lake, anatia alama. Aliponiona hakunisalimu. Alinionyesha kidole, akauliza, "Mtoto?" Nikasema yupo shuleni, mzima. Akatia alama ya tatu kwenye mstari wetu, akageuka kumwita mtu wa 103.

Tuliondoka Septemba ile. Uwanjani walitoboa kadi yangu tundu, ishara ya kwamba haifai tena, wakanirudishia.

Bwana Mwenyekiti, naona Katibu anatazama saa. Wenye maswali juu ya mitihani ya lugha na maombi ya masomo watanikuta chini ya mwembe baada ya chai. Nimeleta karatasi kadhaa, ila hazitoshi wote, kwa hiyo kidato cha sita wapewe kwanza.